Nani Kasema Huyu Hayuko Sawa?

"Daktari, huyu mtoto hayuko sawa." Baba mdogo mmoja wa hapa Moshi aliyasema hayo hata kabla hajakaa vizuri kwenye kiti. Kijana aliyeletwa naye ana miaka 19, amefuga rasta, ameacha kwenda jumuiya, na anashinda chumbani akichora. Nikaongea na kijana. Analala, anakula, ana marafiki wawili watatu, na michoro yake huwauzia watalii wanaoshuka mlimani. Kisha nikamuuliza mzee habari za kazi, akainamisha macho. Ana kibanda cha mitumba soko la Memorial. Belo alilonunua zaidi ya mwezi uliopita bado limefungwa vilevile. Huamka saa nane usiku, basi, usingizi haurudi tena. (Nimebadilisha mambo machache ili wasitambulike.)

Nani kati yao hayuko sawa? Inategemea umeshika kipimo gani, na sisi wanasaikolojia tunavyo kadhaa.

Kipo cha hesabu: lisilo la kawaida ni lile lililo nadra. Kwenye vipimo vya uwezo wa akili wastani ni 100, na wanaopata chini ya 70 ni kama watu 2 katika kila 100. Lakini wanaozidi 130 nao ni wachache vivyo hivyo, na sijaona mzazi akimleta mtoto kwa sababu ya kuongoza darasa. Tena Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 mtu 1 kati ya 8 duniani alikuwa akiishi na tatizo la afya ya akili. Jambo linaweza kuwa la wengi na bado likawa ugonjwa.

Kipimo kinachotumika zaidi mitaani ni cha desturi: anayekwenda kinyume na jamii ana kasoro. Ndicho kilichomleta kijana wa rasta. Kina faida yake, maana ndugu ndio huwa wa kwanza kuona mtu amebadilika ghafla. Ila hubadilika na mahali. Mama akinena kwa lugha ibadani Jumapili hakuna anayegeuka. Afanye hivyo Jumatatu kwenye foleni ya benki uone. Tena kikishikwa na mwenye nguvu ni hatari. Mwaka 1851 daktari wa Marekani, Samuel Cartwright, aliandika kwamba mtumwa mweusi anayemtoroka bwana wake anaugua maradhi ya akili, akayapa na jina: drapetomania. Kutaka uhuru kukawa ugonjwa! Kwa hiyo nikisikia "hayuko sawa", huwa nauliza kwanza anayesema ni nani na anakerwa na nini.

Mwaka 1958 Marie Jahoda, mwanasaikolojia mzaliwa wa Vienna, aligeuza swali: tueleze kwanza akili yenye afya ikoje. Akataja mambo sita, likiwamo la mtu kujiamulia mambo yake. Hapo mimi husita. Huku kwetu, mtu mzima wa miaka 40 hauzi kihamba, yaani shamba la urithi, bila kukaa na ukoo. Anayekiuza kimyakimya ndiye tungemshangaa.

Kipimo ninachoanzia kazini ni cha maisha yenyewe: mtu anaumia? Anashindwa yale aliyokuwa akiyaweza? Nacho kinahitaji uangalifu. Kushindwa kufungua kibanda kwa kukosa mtaji si ugonjwa, ndiyo maana nilimuuliza baba mdogo kama belo lina deni. Alishalilipia lote. Nikauliza kuhusu msiba, kwa kuwa kulia na kukosa usingizi baada ya kuzika ni haki ya mfiwa. Mwongozo wa kimataifa wa magonjwa unaotumika tangu 2022 hauiti huzuni ya msiba ugonjwa mpaka ivuke walau miezi 6, tena izidi kabisa desturi za jamii na dini ya mfiwa. Hakuwa na msiba. Kwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito au kukosa hamu ya mambo, mwongozo huo unataka dalili zidumu wiki 2 au zaidi, karibu kila siku. Yeye alikuwa amezipita.

Kijana aliondoka na daftari lake. Baba mdogo nikampangia Alhamisi, akaniomba niandike kwamba ana presha, watu wa sokoni wasije wakamwita chizi. Nikamwonyesha kadi ya miadi: ina tarehe na saa tu.