MS ukiwa bado kijana: maswali ninayoulizwa kila siku na majibu yangu

Nina miaka 27, naishi Dar, MS niligundulika nayo nikiwa na 22 nipo chuo mwaka wa pili. Tangu nianze kusema wazi kwamba naumwa, vijana wenzangu na wazazi wao wananiuliza maswali na mengi yanafanana, kwaiyo nimeona niyajibu yote sehemu moja. Mi sio daktari, ni mgonjwa niliyesoma na kuuliza sana, ya dawa yako muulize daktari wako.

Dada, hii MS ni nini haswa?

Kirefu chake ni multipo sklerosisi. Ubongo na uti wa mgongo vinawasiliana na mwili kupitia mishipa ya fahamu, na mingi imevikwa ganda la mafuta linaitwa mielini, we chukulia waya wa umeme, shaba ndani plastiki nje. Sasa kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, inageuka inaanza kulitafuna hilo ganda. Waya ukichubuka umeme unapita kwa shida au haupiti kabisa, ndo maana dalili zinatofautiana mtu na mtu, ukichubuka wa jicho unaona ukungu, wa mguu unaburuza mguu, wa kibofu mkojo unakushinda. Palipochubuka panabaki kovu gumu, na jina sklerosisi limetokana na huo ugumu. Mfaransa Jean-Martin Charcot ndo aliueleza vizuri kule Paris mwaka 1868, baada ya kuyakuta hayo makovu kwa wagonjwa waliokuwa wamefariki. Unaanza sana sana kati ya miaka 20 na 40, na wanawake tunaupata mara mbili mpaka tatu kuliko wanaume. Hauambukizi kwa njia yoyote ile.

Kwako ulianzaje?

Jicho. Nilikuwa naanua nguo nyumbani, kuna kanga ya bibi nyekundu ile ya kuiva, upepo ukanipiga nayo usoni ikanifunika jicho la kulia, nikashangaa mbona imepauka. Nikafumba jicho hili nikafumbua lile. La kulia nyekundu, la kushoto kanga ileile imefifia kama imefuliwa miaka kumi. Na nikigeuza lile jicho pembeni linauma kwa ndani. Nilipoenda kupima nikapewa miwani, baada ya wiki tano hivi rangi ikarudi yenyewe nami nikasahau.

Miezi minane mbele nikaamka na ganzi kwenye nyayo, natembea kwenye sakafu ya baridi lakini nahisi kama nimevaa soksi mbili mbili, siku ya nne ganzi ipo kiunoni, na nikiinamisha kichwa kufunga kamba za viatu inashuka shoti kama ya umeme kutoka shingoni mpaka mapajani. Hapo ndo nikapelekwa kwa bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu, swali lake la kwanza lilikuwa kama niliwahi kupata shida ya macho. Nikamkumbuka bibi na kanga yake.

Hiyo ndo tabia ya huu ugonjwa, unakuja, unakaa siku kadhaa au wiki, unaondoka, unarudi sehemu nyingine kabisa. Kwa wagonjwa kama asilimia 85 unaanza hivo. Kwaiyo kijana ambaye jicho moja linapoteza rangi na linauma likigeuka, tafadhali asiishie kwenye miwani.

Nyumbani wanasema nimelogwa, wengine wanasema huo ni ugonjwa wa wazungu, nishike lipi?

Hamna mtu aliyekutumia kitu, mdogo wangu. Ni kweli nchi zilizo mbali na ikweta zina wagonjwa wengi kuliko sisi, lakini duniani tupo zaidi ya milioni 2.8 na weusi tumo, halafu kwetu mashine za MRI, zile zinazopiga picha ya ndani ya mwili, ni chache na mabingwa ni wachache, asiyepimwa hahesabiwi.

Chanzo kimoja kinachojulikana sasa hivi ni kirusi cha Epstein-Barr. Mwaka 2022 ulitoka utafiti wa wanajeshi wa Marekani zaidi ya milioni 10, ukaonyesha aliyepata kirusi hicho hatari yake ya MS inapanda mara 32. Sasa usianze kumtafuta aliyekuambukiza, maana karibu watu wote duniani tunakipata, huku kwetu wengi tunakipata utotoni kabisa, na wengi hawaumwi MS maisha yao yote. Inabidi vikutane vitu vingi, vinasaba, vitamini D kuwa chini, sigara, unene wa kupitiliza ukiwa kijana. Kwenye maombi nenda, hata mimi naenda, ila kama kuna anayekwambia uache dawa ndo maombi yafanye kazi huyo usimsikilize.

Wanajuaje kama ni MS kweli?

Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachosema una MS. Daktari anakugonga magoti, anakutembeza, halafu MRI ya ubongo na uti wa mgongo, mara nyingine wanachukua maji ya uti wa mgongo kwa sindano, na damu inapimwa kuondoa vitu vingine kama upungufu wa vitamini B12, kaswende, VVU.

Kuna kitu kimoja nataka ukiandike kwenye karatasi uende nacho. Kuna ugonjwa pacha wa MS unaitwa NMO, nao unashambulia macho na uti wa mgongo, na sisi weusi unatupata sana ukilinganisha na wazungu. Una kipimo chake cha damu, kinatafuta kingamwili dhidi ya akwaporini 4, kingamwili hiyo iligunduliwa mwaka 2004. Ukiwa na NMO ukapewa baadhi ya dawa za MS kama interferoni au fingolimodi unaweza ukazidiwa badala ya kupata nafuu. Kwaiyo uliza kabla hujaanza dawa, sio baada.

Unapona? Nitaishia kwenye kiti cha magurudumu?

Haujapatiwa dawa ya kuumaliza, lakini kuutuliza unatulizwa. Dawa zipo za aina mbili na watu wanazichanganya. Ya kwanza ni steroidi, dripu ya siku tatu mpaka tano ukipata shambulio kubwa, hiyo inakuharakishia nafuu tu, haizuii shambulio lijalo. Ya pili ndo zinazozuia, kuna za sindano, vidonge, na dripu za kila baada ya miezi kadhaa. Julai 2023 Shirika la Afya Duniani liliweka dawa tatu za MS kwenye orodha yake ya dawa muhimu, kladribini, glatirama na rituksimabu, kabla ya hapo haikuwepo hata moja. Rituksimabu inatumika pia kwenye saratani ya damu, kwaiyo ukiambiwa dawa ya MS haipo uliza hiyo, na uliza bima yako inasemaje. Kabla ya kuianza lazima upimwe homa ya ini B, ikiwa imelala mwilini dawa inaweza ikaiamsha, na kifua kikuu nacho wakuangalie.

Sasa nikueleze kosa langu. Mwaka wa pili wa dawa nilijisikia mzima kabisa, nakimbia, nacheza, nikaona kwanini nijisumbue, nikaacha miezi saba bila kumwambia mtu. Niliporudi MRI ilikuwa na makovu mapya manne, na mguu wa kulia mpaka leo unachoka nikipanda ngazi ghorofa ya pili. Kipindi kile najiona mzima ndo dawa ilikuwa inafanya kazi yake, na ugonjwa unaweza ukawa unatafuna kimyakimya huku wewe huna dalili yoyote. Nimelia sana kwa hilo, naliandika ili wewe usipite huko.

Kuhusu kiti, wengi wanaoanza dawa mapema wanatembea miaka na miaka. Wengine wanahitaji fimbo, wengine kiti. Ukihitaji fimbo shika fimbo, mi kipindi cha shambulio la pili ndo iliyonifikisha kwenye chumba cha mtihani.

Mbona joto likipanda nakuwa hovyo kabisa?

Ah, hili sisi wa Pwani tunalijua. Waya uliochubuka ukipata joto unapitisha umeme vibaya zaidi, mwili ukipanda hata nusu nyuzi tu unaweza kuona ukungu, miguu ikalegea, ulimi ukawa mzito. Daktari Mjerumani Wilhelm Uhthoff alishaliona hilo mwaka 1890. Mwili ukipoa unarudi ulivyokuwa, hakuna kovu jipya, usiogope.

Mi nafanya hivi. Sokoni naenda saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mchana wa Januari kwenye daladala iliyojaa siingii, bora nichelewe. Kwenye mkoba kuna kipande cha kitenge kilicholowa ndani ya mfuko wa nailoni na chupa ya maji niliyoigandisha usiku, nikianza kuona ukungu navua viatu nakaa kivulini nazungusha kitenge shingoni, dakika ishirini nimerudi. Umeme ukikatika usiku feni hamna, nalowesha kanga najifunika hivohivo.

Ila joto la homa ni jambo lingine. Ukilegea ghafla una homa, pima malaria siku hiyohiyo, na mkojo pia upimwe, maana maambukizi yanaamsha dalili za zamani ukadhani ni shambulio jipya ukakimbilia steroidi. Shambulio la kweli linazidi saa 24 na linakuja bila homa.

Ndugu zangu wananiita mvivu, nawaelezaje?

Hapa ndo panaumiza kuliko sindano zote. Uchovu wa MS sio wa kazi, unalala masaa tisa mazima unaamka kama hujalala, na kwa macho ya mtu uko mzima, umependeza. Shangazi yangu alikuwa ananisema kila wikiendi kwamba msichana gani hasongi hata ugali. Siku moja nikamuomba avae soksi tatu kila mguu na glovu nene mikononi halafu apete mchele mpaka umalizike. Alifika nusu ungo akavua glovu akakaa kimya, akaniambia "mwanangu, nlikuwa sijui". Tangu siku hiyo kupeta na kukoroga ni kwake, mi nakata mboga nimekaa.

Panga siku yako kama unavyopanga hela ya mwisho wa mwezi, kazi nzito asubuhi, pumzika kabla hujachoka. Na kama huzuni haiondoki wiki mbili tatu mwambie daktari, sonona ni kitu cha kawaida sana kwenye MS na inatibika.

Watu wakiniona nameza dawa kila siku wanahisi nina VVU.

Na mimi walinihisi. Mwanzoni nilikuwa nakataa kwa ukali sana, baadaye nikaona kukataa kwa ukali ni kama nawatukana wenye VVU ambao ndo walionifundisha kumeza dawa kwa saa ileile kila siku bila kuona aibu. Sasa nasema tu ni MS, anayetaka kuelewa namwelezea.

Samahani hili la aibu, mkojo unanishinda kwenye basi.

Sio aibu. Wengi tunafanya kosa la kuacha kunywa maji, matokeo yake ni maambukizi na choo kigumu. Kunywa kawaida, punguza chai na kahawa siku ya safari, nenda chooni kwa saa hata kama hujabanwa, vaa pedi, kaa siti ya karibu na mlango umwambie kondakta kabla basi halijaondoka. Na mwambie daktari, dawa zake zipo.

Mazoezi, chakula, kufunga Ramadhani?

Zamani wagonjwa walikuwa wanaambiwa walale, siku hizi mazoezi yanashauriwa kabisa, kutembea jioni, kuogelea, kunyoosha viungo na mtu wa fizio. Chakula cha muujiza hakipo, dagaa, mboga, matunda, jua la asubuhi, na sigara acha kabisa. Kufunga, wengine wenye hali nzuri wanafunga kwa ushauri wa daktari, ila ukiwa kwenye steroidi au shambulio kula, mgonjwa ameruhusiwa akalipe siku nyingine. Na chanjo zenye vijidudu hai, kama ya homa ya manjano, usichome kabla hujamuuliza daktari wako, hata kama safari ni kesho.

Mama mmoja kaniuliza: binti yangu ana MS na kapata mchumba, ataweza kuzaa?

Shikamoo mama. Ndiyo, ataweza. MS haiharibu kizazi, na miezi mitatu ya mwisho ya mimba mashambulio huwa yanapungua. Mtoto kuja kuupata ni kama asilimia 2, ina maana karibu wote hawaupati. Mchumba aambiwe kabla ya mahari, aende naye kliniki siku moja asikie kwa daktari. Na mimba ipangwe, kwa sababu dawa nyingine kama kladribini na fingolimodi zinaweza kumdhuru mtoto tumboni, lazima ziachwe mapema kwa mpango wa daktari.

Kipindi cha hatari ni miezi mitatu baada ya kujifungua, mashambulio yanapenda kurudi hapo. Kwaiyo arobaini yake mama usiihesabu siku arobaini, ihesabu siku tisini, panga mapema nani anaamka na mtoto usiku. Na kwenye kumkanda, najua nyumbani maji yanachemshwa kwelikweli, kwake yawe ya uvuguvugu tu, joto litamlegeza, na penye ganzi anaweza akaungua asisikie. Anayepima maji kwa kiwiko uwe wewe, sio yeye.