Udalali wa mtandaoni: fuata mbofyo mmoja mpaka ugeuke pesa

Dalali wa nyumba hana nyumba ya kupangisha. Anajua nani ana chumba na nani anatafuta, anawakutanisha, na mkataba ukisainiwa anachukua chake. Afilieti, yaani kulipwa kamisheni kwa kupeleka wateja kwenye duka la mtandaoni kwa linki, ni kazi hiyohiyo. Tofauti ni kwamba mwenye duka hakuoni ukimleta mteja mlangoni. Kinachomwambia kuwa mteja ni wako ni herufi chache zilizo ndani ya linki. Herufi zikipotea, mteja atanunua, duka litauza, na wewe hutapata kitu.

Ndiyo maana naanza na linki kabla ya blogu, wasomaji au mitandao ya kijamii. Wapo watu wenye wasomaji wengi na mibofyo mingi wanaoamini kazi hii hailipi, kumbe hawajawahi kuufuata mbofyo mmoja kuanzia kidole cha msomaji mpaka kwenye akaunti yao ya benki.

Herufi zinazokutambulisha

Chukua programu ya afilieti ya Amazon (programu hapa ni mpango wa duka wa kuwalipa madalali wake), iliyoanza mwaka 1996 na ambayo wengi huanza nayo. Anwani ya bidhaa huwa na sehemu iliyoandikwa /dp/ ikifuatiwa na namba ya bidhaa yenye tarakimu na herufi 10. Baada ya hapo unaongeza ?tag= na tagi yako, yaani jina lako kwenye programu hiyo, mfano ?tag=mapishibora-20. Zote zilizobaki, yale maneno marefu yanayojazana ukinakili anwani kutoka juu ya kivinjari, unaweza kuzifuta na linki itafanya kazi vilevile.

Kosa la kwanza liko hapo. Ikiwa anwani tayari ina alama ya kuuliza, huwezi kuweka ya pili. Anwani moja ina alama ya kuuliza moja tu, na kila kinachoongezwa baadaye hutanguliwa na &. Ukiandika ?ref=abc?tag=mapishibora-20, ukurasa utafunguka vizuri kabisa na bidhaa itaonekana, lakini tagi yako imemezwa ndani ya kipande kingine na haisomeki. Sahihi ni ?ref=abc&tag=mapishibora-20. Kosa hili halitoi onyo lolote, na mtu anaweza kukaa nalo mwaka mzima.

Kosa la pili ni la nchi. Tagi za Marekani huishia na -20, za Uingereza na -21. Kila nchi ni programu yake, yenye akaunti yake. Msomaji wako aliye Leicester akinunua kwenye duka la Uingereza kwa linki ya Marekani iliyobandikwa tagi ya -20, hulipwi. Jisajili nchi zote mbili kisha unganisha akaunti hizo kwa OneLink, huduma ya Amazon yenyewe inayompeleka msomaji kwenye duka la nchi aliyopo.

Kupima ni kazi ya dakika tano. Fungua kivinjari katika hali ya faragha, ingia kwenye makala yako, bofya linki, kisha soma anwani uliyofikishwa. Tagi ipo? Kesho yake angalia kama mbofyo umeandikwa kwenye dashibodi, ukurasa wa akaunti yako ya afilieti unaoonyesha mibofyo na mauzo. Usinunue ili kujaribu, kwa sababu Amazon hairuhusu ununue kupitia linki yako mwenyewe, na akaunti hufungwa kwa hilo.

Kumbukumbu ya duka, na jinsi inavyofutika

Msomaji akibofya, duka huweka kuki kwenye kivinjari chake. Ni alama ndogo inayosema: huyu kaletwa na fulani. Kila programu ina muda wake. Amazon hukupa saa 24. Ndani ya saa hizo, chochote atakachonunua ni chako, hata kama ulimpeleka kwenye sufuria naye akanunua viatu. Akikiweka kitu kikapuni ndani ya saa 24 bila kulipa, unabaki na haki kwenye kitu hicho kwa kawaida hadi siku 90, mradi akamilishe kununua kabla kikapu hakijaisha muda. Kwa tovuti zinazouza matembezi ya kitalii muda ni mrefu: GetYourGuide hutoa siku 31 na Viator siku 30.

Muda huo ulioandikwa ni kiwango cha juu. Mara nyingi hufikii. Programu nyingi humlipa aliyebofyewa mwisho: msomaji akitoka kwako, akapita kwa dalali mwingine, kisha akanunua, wa mwisho ndiye anayekula. Zipo hata nyongeza za vivinjari zinazotafuta kuponi za punguzo wakati mteja yuko kwenye ukurasa wa malipo, na baadhi hubandika alama yao juu ya yako sekunde ya mwisho. Kivinjari cha Safari, kilicho kwenye kila iPhone, tangu 2019 hufuta baada ya siku 7 kuki zilizowekwa kwa JavaScript (msimbo unaoendeshwa ndani ya ukurasa), na wakati mwingine baada ya saa 24.

Kubwa zaidi kwetu ni simu. Facebook, Instagram na TikTok hufungua linki ndani ya kivinjari chao wenyewe. Kuki inabaki humo. Jioni msomaji akifungua Chrome, akatafuta bidhaa ileile na kununua, Chrome haina habari nawe. Vivyo hivyo aliyebofya kwenye simu akaja kulipia kwenye kompyuta ya ofisini. Dawa haiko kwenye programu, iko kwenye uandishi: usimpeleke mtu dukani kabla hajaamua. Mpe kwenye makala yako kila anachohitaji kuamulia, yaani vipimo, kasoro, na kwa nini achague hiki aache kile, ili anapobofya awe anaelekea kulipa. Linki iliyowekwa sentensi ya kwanza huleta mibofyo mingi ya udadisi ambayo kuki zake hufa bure.

Hesabu kabla ya makala

Usichague programu kwa asilimia ya kamisheni. Chagua kwa thamani ya mbofyo mmoja: bei mara kamisheni mara sehemu ya wabofyaji wanaonunua.

Tuseme kifaa cha jikoni cha dola 80. Amazon Marekani hulipa asilimia 4.5 kwa vifaa vya jikoni, yaani dola 3.60. Kama watu 100 wakibofya na 5 wakanunua, umepata dola 18, sawa na senti 18 kwa mbofyo. Linganisha na matembezi ya siku moja Zanzibar ya dola 90 kupitia GetYourGuide, inayolipa asilimia 8: dola 7.20. Wabofyaji 100 wakileta wanunuzi 3, ni dola 21.60. Kiwango cha ununuzi kimeshuka, pato limepanda. Mfano ni wa kubuni kwa upande wa wanunuzi; namba zako utazijua baada ya mibofyo mia kadhaa, si kabla. Mibofyo 20 bila mauzo haisemi lolote.

Kumbuka pia kwamba viwango hivi si haki yako ya kudumu. Aprili 2020 Amazon ilishusha kamisheni za samani kutoka asilimia 8 hadi 3 kwa mkupuo mmoja. Aliyetegemea samani peke yake aliona zaidi ya nusu ya mapato yake ikiondoka bila msomaji hata mmoja kupungua. Kwa hiyo nashauri kila blogu iwe na angalau wauzaji wawili wasiohusiana.

Msomaji wako analipa wapi?

Hili ndilo linalowaangusha waandishi wengi wa Kiswahili. Makala ya Kiswahili yenye linki za Amazon, inayosomwa Mbeya na Tabora, haitauza. Msomaji hana kadi inayofaa, au usafirishaji na ushuru ni mkubwa kuliko bidhaa. Duka la Jumia lilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, ila Kenya na Uganda lipo. Kwa msomaji wa Nairobi anayelipa kwa M-Pesa, linki ya duka la hapo ina maana kuliko ya Amazon ya Marekani. Kwa msomaji wa Tanzania, kinachouzika kwa linki ni vitu visivyosafirishwa: domeni (majina ya tovuti) na hosti (huduma ya kuhifadhi tovuti), programu za kompyuta, kozi. Kampuni za hosti hulipa mara moja kwa mteja mpya, na kiasi chake huwa kikubwa kuliko faida ya kuuza sufuria kumi. Wasomaji wa Kiswahili walio Marekani, Uingereza na Falme za Kiarabu ni soko la Amazon kweli, lakini waandikie mahitaji yao ya huko.

Njia nyingine ni kumwandikia mgeni. Mtalii anayekuja Unguja hasomi Kiswahili. Itabidi uandike Kiingereza, Kijerumani au Kiitaliano. Lakini unachokijua wewe hakipo kwenye maelezo ya muuzaji. Fungu la mchanga la Nakupenda hufunikwa maji yakijaa, kwa hiyo anayepanga safari bila kutazama maji ya siku hiyo anaweza kukuta bahari tupu. Makala inayomfundisha kusoma jedwali la maji kupwa na kujaa, ikimwambia aondoke Forodhani saa ngapi, kisha ikamwonyesha safari inayofaa, inauza. Vivyo hivyo msitu wa Jozani: mwambie atakachokiona ni kima punju, ambao hawapatikani nje ya Zanzibar, na kwamba haruhusiwi kuwalisha. Makala iliyonakili maelezo ya muuzaji neno kwa neno Google huihesabu kama ukurasa mtupu na kuishusha.

Kila linki ya kamisheni iwekewe rel="sponsored" ndani ya msimbo wake, alama inayosema linki hii ni ya kulipwa, ambayo Google iliianzisha Septemba 2019. Na juu ya makala, kabla ya linki ya kwanza, mwambie msomaji waziwazi: ukinunua kupitia linki hizi napata kamisheni, bei yako haibadiliki. Amazon na sheria za Marekani wanalidai hilo. Mimi nalidai kwa sababu dalali anayejificha ni tapeli. Bei za Amazon usiziandike kwa mkono. Zinabadilika kila mara, na masharti yao yanakataza.

Kutoka dashibodi mpaka mkononi

Kiasi unachokiona kwenye dashibodi bado si chako. Mtalii anaweza kughairi, kwa safari nyingi bila gharama hadi saa 24 kabla, na kamisheni ikafutika. Bidhaa iliyorudishwa dukani vilevile. Amazon hulipa takriban siku 60 baada ya mwezi kuisha, kwa hiyo mauzo ya Januari yanafika mwishoni mwa Machi. Akaunti mpya isipoleta mauzo 3 ndani ya siku 180 hufungwa. Linki zako zitaendelea kufunguka, lakini hazina mwenyewe tena. Usijisajili siku unayofungua blogu. Subiri uwe na wasomaji.

Pesa itapita wapi? Kenya, PayPal hupokea na unaweza kuhamishia M-Pesa. Tanzania, PayPal imekuwa ya kutuma, si ya kupokea, na wanaofungua akaunti kwa anwani ya nchi jirani huishia kufungiwa pesa ikiwa ndani. Payoneer, huduma ya kupokea malipo kutoka nje, hukupa namba ya akaunti ya dola ya Marekani unayoijaza kwenye programu kama benki yako, kisha unahamishia benki ya nyumbani. Jina la Payoneer, la programu na la kitambulisho liwe moja, herufi kwa herufi. Kampuni za Marekani zitakutaka ujaze fomu ya kodi W-8BEN kuthibitisha kwamba wewe si mkazi wa huko. Huisha mwishoni mwa mwaka wa tatu baada ya kuisaini, na ikiisha malipo yanaweza kusimama.

Programu halali haikutozi ada ya kujiunga, na haikulipi kwa kuingiza watu wengine walipe ada. Ukiombwa kimojawapo, funga ukurasa.

Kenya, Sheria ya Fedha ya 2023 imetaja kamisheni za afilieti kwa jina kati ya mapato ya maudhui ya kidijitali yanayokatwa asilimia 5 kwa mkazi. Tanzania, kabla hujaanza soma Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020 na marekebisho yake, uone kama blogu yako inahitaji leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Na kila mwezi pakua ripoti ya mauzo kutoka dashibodi uihifadhi kwako. Akaunti ikifungwa, ripoti hufungwa nayo, na ofisa wa kodi ataitaka.