Mnyama hajui mwelekeo kwa pua tu

Mfugaji wa Mikindani, mji wa pwani ya Mtwara, anaweza kuamini mbuzi au mbwa hujua anakoelekea kwa kunusa tu. Pua inasaidia, kweli. Lakini tangu miaka ya 1980 imejulikana, kwa kuchunguza panya, kwamba ubongo una seli za mwelekeo: moja huchangamka kichwa kikielekea upande fulani, kikigeuka, inatulia na nyingine inapokea zamu. Hata gizani zinafanya kazi, zikitegemea sikio la ndani linalohisi mgeuko. Macho huzisahihisha.

Jaribu kitu cha karibu na hicho. Chini ya mkorosho, fumba macho, mwenzio akuzungushe polepole, kisha onyesha bahari iliko. Mizunguko ikizidi utakosea. Fumbua: ukiona mnara wa msikiti tu, pande zote zinajipanga upya, bila kunusa chochote.