Mume chama hiki, mke chama kile: kinachovuruga nyumba wala siyo kura

Swali ninalopokea kuliko yote msimu wa uchaguzi ukikaribia ni hili: mshauri, hivi mke wangu anaruhusiwa kweli kunificha kamchagua nani? Linakuja kwa simu, linakuja kwa voisi ndefu za WhatsApp, na zamani anayeuliza alikuwa mwanaume tu ila siku hizi na kina mama wanauliza, hasa wale ambao waume zao wameingia kwenye timu za kampeni na kurudi nyumbani ni saa saba usiku. Jibu langu fupi: ndiyo, anaruhusiwa, na wewe pia unaruhusiwa, na hakuna mtu wa kumfanya chochote.

Mimi ni mshauri wa ndoa hapa Dar, siyo mwanasheria, lakini vipengele kadhaa lazima nivijue maana watu wanakuja na vitisho mkononi. Katiba yetu ibara ya 5 inampa kila raia aliyefikisha miaka 18 haki ya kupiga kura, haijasema kila kaya, imesema kila raia. Ibara ya 20 inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama. Halafu kuna Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, hiyo ndiyo mahakama inaangalia ukienda kuomba talaka, na kifungu cha 107 kimetaja mambo yanayoweza kuonyesha kwamba ndoa imevunjika kabisa: uzinzi, ukatili, kutelekezwa na mengineyo, hata kubadili dini kumo kwenye ile orodha. Kubadili chama hakumo. Na kabla hujafika mahakamani kwa kawaida unapitia kwanza baraza la usuluhishi la ndoa, sasa jaribu kukaa mbele ya wale wazee uwaambie namwacha huyu kwa sababu kavaa fulana ya njano, uone watakavyokuangalia.

Lakini sheria ni kitu kimoja na maisha ni kingine, na wanaodhani haya ni mambo madogo wawaulize ndugu zetu wa Zanzibar. Baada ya uchaguzi wa 1995 na ule wa 2000 kuna sehemu, Pemba hasa, CCM na CUF walifika mahali hawazikani, hawaalikani harusini, duka la huyu yule haingii, na ndoa zilivunjika hivyo hivyo. Mpaka Rais Karume wa CCM na Maalim Seif wa CUF walipokaa wakaelewana Novemba 2009, na kura ya maoni ya Julai 2010 ikapitisha serikali ya umoja wa kitaifa kwa asilimia 66, watu ndio wakaanza kupumua. Halafu uchaguzi wa 2015 ulipopita wanaharakati wa haki za wanawake huko wakasema tena hadharani kwamba kuna kina mama wamepewa talaka kwa sababu ya kura zao. Kwa hiyo mtu akiniambia "ah, siasa tu hizo" mimi namwambia subiri kwanza.

Na msinitolee mfano wa Simba na Yanga, naujua, nausikia kila siku. Mume Yanga mke Simba wanaishi vizuri tu, wanataniana Jumapili nzima, kwa nini siasa ishindikane? Kwa sababu Yanga akifungwa hakuna mtu anayekosa tenda, hakuna mtu anayefungiwa biashara, hakuna mwalimu anayehamishiwa kituo cha mbali. Siasa zetu zina mkate ndani yake, na mtu anayemwogopesha mwenzie asiweke bendera dirishani saa nyingine anawaza kodi ya fremu yake Kariakoo, wala hawazi itikadi.

Kingine, kuwa chama kimoja siyo kinga. Mwaka 2015 ndio nilijifunza hili vizuri. Nilikuwa napokea watu ambao wote wawili ni CHADEMA damu, wamekutana kwenye mikutano huko huko, afu Julai ile Lowassa, waziri mkuu wa zamani, akahama kutoka CCM akapewa bendera ya UKAWA, ule muungano wa vyama vya upinzani, kugombea urais. Mmoja anasema huyu ndiye atakayetuvusha, mafuriko mnayaona wenyewe. Mwenzie anasema huyu si ndiye Dokta Slaa, katibu mkuu wetu, alimsoma kwenye ile orodha ya mafisadi pale Mwembeyanga 2007, leo ndio mnaniambia nimpigie deki barabara? Na Slaa mwenyewe akajiweka pembeni. Kulikuwa na nyumba hazikuelewana mpaka Desemba, na wote kadi zao ni za rangi ile ile!

Sasa baada ya kusikiliza watu wengi msimu kwa msimu nimefika hapa: kura yenyewe mara chache sana inavuruga nyumba. Kura ni tukio la dakika chache, unaingia kwenye kituturi, unaweka tiki, unachovya kidole, umemaliza. Kinachovuruga ni vile vinavyoonekana na watu na vile vinavyotoka mfukoni. Ndio maana wanandoa wakija na ugomvi wa siasa siwaulizi nani yuko chama gani, nauliza mmeshea nini, mmechanga kiasi gani, na nani ukweni anajua.

Tuanze na stetasi, maana hii ndiyo inaleta kesi nyingi kuliko zote. Mke kaweka video ya mgombea wake na vidole viwili juu, mume ana bosi kwenye kontakti zake ambaye ni kada, bosi kaiona kwa shemeji, skrinshoti ikatua kwenye grupu la ofisi. Mume karudi nyumbani kanuna, haongei, chakula hagusi. Mke anauliza kosa langu nini, hii si simu yangu? Hapo wote wana hoja! Simu ni yake, ila jina analoitwa mtaani ni mama fulani, mke wa fulani, watu wakiona posti yake wanaisoma kama tangazo la nyumba nzima. Ninachowashauri ni kukubaliana kabla kampeni hazijaanza: maoni yako kichwani na kwenye kura ni yako kabisa, hayajadiliwi, ila kinachotoka nje na kinaweza kumgusa mwenzio kazini au kwenye biashara unamwambia kwanza. Unamwambia, siyo unamwomba ruhusa. Kuna mzee mmoja aling'ang'ania hapo kwenye ruhusa kweli kweli, mwishowe mkewe akamuuliza, na wewe lile fulana ulilovaa kwenye kitchen pati ya mdogo wangu uliniomba? Tukacheka wote, kikao kikaenda vizuri baada ya hapo.

Hela sasa. Kampeni zinakula hela za nyumbani kimya kimya: mafuta ya gari, mchango wa jukwaa, soda za vijana, kanga za kina mama. Mwenye mapenzi na chama hahesabu. Mwenzie anahesabu, na kama ni chama ambacho hakipendi anahesabu mara mbili. Nilipokea wanandoa wa Mbagala, ada ya mtoto haijalipwa na mume katoa laki kadhaa kwa diwani wake, mke anasema ningesamehe angekuwa diwani wa chama changu, afu akajishtukia akasema hapana, hata huyo nisingesamehe. Hilo ni suala la bajeti, chama kimepita tu njia. Mchango wa siasa utoke kwenye hela ya mtu binafsi baada ya mambo ya nyumba kukaa sawa. Basi.

Ukweni ni kugumu zaidi, na hapa sina dawa ya haraka. Kuna familia ambazo baba mkwe alikuwa mjumbe wa nyumba kumi tangu enzi za TANU, sebuleni picha ya Mwalimu, na wewe umeolewa pale na mawazo yako ya mageuzi. Watu wanasahau kwamba hata kabla vyama vingi havijarudi mwaka 1992, Tume ya Jaji Nyalali ilikuta takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni wanataka chama kimoja kibaki. Wale wachache wa upande wa pili walikuwa wanalala nyumba moja na hao wengi. Mkwe akianza siasa mezani, kazi ya kumtuliza ni ya mtoto wake wa kumzaa, siyo yako wewe mkamwana. "Baba, hayo tuyaache leo, tumekuja kukusalimia." Mume akikaa kimya hapo, mke ataikumbuka ile kimya kuliko alichosema mkwe.

Uchaguzi wa 2025 ulileta kitu tofauti kabisa. CHADEMA hawakuwemo kwenye karatasi, msimamo wao ulikuwa bila mabadiliko hakuna uchaguzi, na mwenyekiti wao Tundu Lissu alikuwa ndani kwa kesi ya uhaini tangu Aprili. Kwa hiyo ubishi wa ndani ya nyumba haukuwa tena unampa nani, ulikuwa unaenda au huendi. Na kwenda au kutokwenda hakufichiki, kidole chenye wino kinaonekana na kisicho na wino kinaonekana pia. Ile siri ya kura ambayo huwa inaokoa ndoa nyingi haikuwasaidia watu. Halafu Oktoba 29, siku yenyewe ya kura, ikatokea kama ilivyotokea, watu wakafa, intaneti ikazimwa, Dar tukaambiwa saa 12 jioni kila mtu ndani. Wanandoa waliokuwa hawaongei wakajikuta wamefungiwa pamoja siku kadhaa bila hata bando la kukimbilia. Waliokuja kwangu baadae wengi hawakuja kubishana, walikuja na woga na hasira, mmoja kapoteza ndugu au kijana wa jirani, mwenzie anasema si aliambiwa asitoke. Jamani, mwenye msiba haambiwi hivyo. Unakaa naye kwanza. Mjadala wa nani alikosea, kama lazima uwepo, una wakati wake, na inawezekana wakati huo usifike kabisa.

Jinsi ya kuongea. John Gottman, mtafiti wa Marekani aliyewachunguza wanandoa miaka mingi kule Seattle, alikuta kwamba asilimia 69 ya migogoro ya wanandoa haiishi, yaani ni tofauti zinazojirudia rudia miaka yote, na wanaodumu wanazo kama wanaoachana. Nikiwaambia watu hili huwa wanashusha pumzi. Huna kazi ya kumbadilisha. Kitu alichokiona ni hatari ni dharau: kubetua mdomo, "we unajua nini siasa", "ndio maana kwenu mko vile". Hiyo ikizoeleka, ndoa inakwenda na maji. Na mapigo ya moyo yakipita 100 kwa dakika mtu hasikilizi tena, masikio yapo tu, kwa hiyo mnaachana dakika 20 hivi, mmoja akaoge, mwingine aende dukani, siyo aende kijiweni kwenye kahawa kuongezewa petroli na wenzie.

Watu wananiuliza kuna wanaoweza kweli? Wapo. Kule Marekani James Carville alimfanyia kampeni Clinton mwaka 1992 na Mary Matalin alikuwa kwenye kampeni ya Bush huo huo mwaka, wakaoana 1993. Ila tukumbuke wale walikuwa wanalipwa kugombana.

Kuna mpaka mmoja ambao hapo ushauri wangu unabadilika kabisa. Mume akificha kichinjio, yaani kadi ya mpiga kura, cha mkewe, au mke akafungiwa ndani siku ya kura, au akaambiwa apige picha karatasi alete ushahidi, au akapigwa, hiyo siiti tofauti za kisiasa. Kukaa na kadi ya mpiga kura ya mtu mwingine ni kosa kisheria, na ile ile Sheria ya Ndoa, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzie adhabu ya viboko. Hao siwakalishi meza moja kuongea kistaarabu, namwelekeza aliyeumizwa Dawati la Jinsia na Watoto, vituo vingi vya polisi linapatikana, na ndoa tutaizungumzia baadae kama itakuwepo.

Nimalizie na swali lililoniingia wiki hii, maana wengi mtakuwa nalo 2029 serikali za mitaa zikija: na kama mgombea ni mume wangu mwenyewe na simkubali? Dada yangu, kura bado ni yako. Ila hapa usinyamaze mpaka siku ya kuhesabu, wajumbe si watu wazuri na mtaani kwetu kura zinahesabika kwa macho, atajua. Mwambie kabla hajachukua fomu, mkiwa wawili, bila watoto, bila mama mkwe: baba watoto, mimi nitakupikia, nitakufulia hizo fulana, ila uenyekiti wa mtaa naona hauuwezi kwa sababu hii na hii. Atanuna, hilo lazima. Akisikiliza hizo sababu anaweza akajirekebisha, na akiamua kugombea hata hivyo basi agombee anajua mkewe yuko wapi. Akishachukua fomu na hela ya mkopo imeshaingia kwenye maspika na pilau, ukweli huo huo ataupokea kama usaliti.