Picha ya utendaji wa ubongo baada ya kuzibwa fuvu: maana yake

Picha ya utendaji wa ubongo ni kipimo kinachoonesha jinsi sehemu za ubongo zinavyofanya kazi, tofauti na picha ya umbo, ambayo huonesha damu iliyovuja, uvimbe au mfupa uliovunjika. Jambo hili linawagusa wagonjwa wa Dar es Salaam ambao, baada ya ajali ya bodaboda au kiharusi kikubwa, hutolewa kipande cha fuvu ili ubongo uliovimba upate nafasi, kisha hurudi hospitali kuzibwa tundu hilo kwa mfupa wao wenyewe, titani au plastiki maalumu.

Ndugu wengi hudhani upasuaji huo wa pili ni wa kurudisha sura na kuukinga ubongo tu. Lakini pasipo mfupa, hewa ya nje huikandamiza ngozi pamoja na ubongo ulio chini yake, maji yanayouzunguka ubongo hayatiririki sawasawa, na damu inayofika eneo hilo huweza kupungua. Ndiyo maana baadhi ya wagonjwa huumwa kichwa, hushikwa na kizunguzungu, hata mkono uliokwisha kuanza kupata nguvu hulegea tena. Grant na Norcross, madaktari wa Marekani, waliandika kuhusu hali hiyo mwaka 1939. Fuvu likishazibwa, wapo wanaopata nafuu ya haraka.

Hapo ndipo MRI ya utendaji, yaani picha ya utendaji wa ubongo inayopigwa kwa mashine ya sumaku, inapoweza kusaidia. Mgonjwa hukunja na kukunjua vidole akiwa ndani ya mashine, kabla ya upasuaji na baada yake, na picha hulinganishwa. Mashine haioni mawazo wala umeme wa neva: sehemu inayofanya kazi huletewa damu yenye oksijeni nyingi kuliko inavyoitumia, na kwa kuwa damu hiyo hutofautiana kisumaku na ile iliyopungukiwa oksijeni, kompyuta hulipaka rangi eneo husika.

Kwa maoni yangu, tahadhari kubwa iko hapa. Upasuaji wenyewe hubadili mtiririko wa damu, kwa hiyo rangi iliyoongezeka yaweza kumaanisha kwamba damu imerudi, bila kuthibitisha kwamba neva zimepona. Tena titani huvuruga picha ya sehemu iliyo karibu nayo. Kwa sababu hiyo picha husomwa pamoja na nguvu za mkono, usemaji na uwezo wa mgonjwa wa kukumbuka, na panapowezekana pamoja na kipimo cha PET, ambacho huonesha kiasi cha sukari kinachotumiwa na ubongo.