Je, wajua kwa nini waridi la Dodoma linaota unga mweupe kiangazi, wakati mvua hamna?

Pita kwenye bustani ya mjini hapa Dodoma mwezi wa saba, zile asubuhi za kibaridi na upepo, uangalie machipukizi ya mawaridi. Unaweza kukuta majani kama yamemwagiwa sembe, yale machanga yamejikunja. Mi mwanzoni nilijua ni vumbi tu. Nilipoambiwa ni fangasi nikasema ahaa, fangasi si wanapenda maji, basi dawa ni kupunguza kumwagilia, na nikamshauri hivyo mtunza bustani mmoja kwa kujiamini kabisa. Wiki mbili baadaye unga umepanda mpaka kwenye vikonyo vya maua. Akaniambia, "Kaka, hii dawa yako inakausha nyasi tu."

Kumbe nilikuwa nimeishika kichwa chini miguu juu. Ugonjwa wenyewe ni ubwiri unga, na watu wa korosho kule Mtwara na Lindi wangenicheka, maana mikorosho inatoa maua kiangazi na ubwiri unaipiga hapohapo kiangazi, mvua haipo kabisa. Hiyo peke yake ilitosha kunishtua.

Sasa inakuwaje? Fikiria mgao wa maji. Fangasi wengi wa majani ni kama nyumba inayotegemea bomba la mtaani: mbegu yake ikitua kwenye jani inakaa kusubiri, jani lisipolowa inakufa na kiu. Ugonjwa wa madoa meusi wa waridi, kwa mfano, unataka jani libaki limelowa kama saa 7 hivi ndo uingie. Ubwiri unga yeye ana simtanki lake, lile tanki la kuhifadhia maji nyumbani. Kila kijimbegu kinachopeperushwa na upepo kimebeba maji yake ndani, zaidi ya nusu ya uzito wake, kwa hiyo kikitua kwenye jani kavu kinachipua tu, hakisubiri mtu. Kikishachipua kinatoboa ngozi ya juu ya jani na kuingiza kimrija cha kunyonyea, mwili wote uliobaki unatandaa nje juujuu, ndo huo unga unaouona. Na haui jani haraka, ananyonya kwenye seli hai, zikifa na yeye kwisha.

Ila simtanki lililojaa ukizidi kulijaza linafurika. Vijimbegu vikiloweshwa vingi vinapasuka au vinashindwa kuchipua, ndo maana kulipiga waridi maji juu ya majani kunaweza kupunguza ubwiri badala ya kuuongeza. Nisiseme sana hapa, maana aina zinatofautiana, na hewa yenye unyevunyevu usiku bado inausaidia, ni maji yenyewe ya kulowesha jani ndo haupatani nayo. Na ukimwagilia jioni majani yakalala mabichi, umewakaribisha wale wa madoa meusi. Kwa hiyo ni asubuhi, jua lije likaushe.

Mengine ya bustani ni ya kawaida: kata machipukizi yaliyougua uyatoe kabisa, punguza matawi jua lipenye, na usimwage urea, kwa sababu majani laini ya haraka ndo chakula chake kitamu. Dawa ya salfa inafanya kazi, ila jua likizidi nyuzi 30 na kitu inaunguza majani, na Dodoma mwezi wa kumi unajua yenyewe. Maziwa nayo yapo, sio mzaha. Mtafiti wa Brazil, Wagner Bettiol, alichapisha mwaka 1999 kwamba maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji yalizuia ubwiri kwenye maboga machanga. Lakini ilikuwa ndani ya banda la kuoteshea, na kwa bustani nzima ya umma sijui nani atakubali kulipia hayo maziwa.

Halafu kuna hofu ya wenye zabibu, kwamba waridi la bustanini litaambukiza shamba. Hapana, ubwiri wa waridi ni Podosphaera pannosa, wa zabibu ni Erysiphe necator, huyu ndiye alionekana Uingereza mwaka 1845 akaja kuharibu mizabibu ya Ufaransa vibaya sana miaka michache mbele. Unga ni uleule kwa macho, ila kijimbegu cha waridi kikitua kwenye mzabibu wa Hombolo, huku kwetu Dodoma, na simtanki lake lote, hakina cha kunyonya pale.