Kinamasi kinachotoa mapovu kinasingiziwa

Ukichomeka upondo kwenye tope la mafunjo huku Malagarasi, magharibi mwa Tanzania, mapovu yanapanda na harufu ya yai viza inakufuata hadi mtumbwini. Hapo ndipo uvumi unapoanzia.

Dhana: Kinamasi ndicho kinachochafua hewa. Kikikaushwa, tatizo limekwisha.

Ni kinyume. Majini oksijeni ni haba, hivyo mizizi na majani ya mafunjo hayaozi yakaisha. Yanalundikana kuwa mboji, pengine milimita moja tu kwa mwaka. Minya konzi ya udongo huo: maji meusi yanachuruzika vidoleni, mkononi zinabaki nyuzinyuzi. Hiyo ni kaboni iliyowekwa kabla babu wa babu yako hajazaliwa.

Sasa mtu anachimba mfereji apate bustani ya kiangazi. Maji yanashuka nusu mita, hewa inaingia, vijidudu vinakula mboji, na hewa ukaa inatoka mchana na usiku bila moshi wowote. Shamba lenyewe linadidimia, na baada ya misimu kadhaa mfereji unadai kuchimbwa tena. Mapovu yale ni gesi ya methani, na sikatai kwamba ni kali: kwa hesabu ya miaka 100 inapasha joto karibu mara 28 kuliko hewa ukaa. Ila hudumu angani kama miaka 12, wakati hewa ukaa hukaa karne na karne.

Dhana: Basi tufurishe kabisa.

Hapana. Maji yakituama juu ya udongo, methani huzidi. Yakikaa kama sentimita 10 chini ya uso, bakteria wa tabaka la juu huila nyingi kabla haijatoka.

Dhana: Maji yapande yashuke, yote sawa.

Udongo unaoloa na kukauka kwa zamu, hasa wenye mbolea ya chumvichumvi, hutoa nitrasi oksaidi, gesi nyingine inayopasha dunia joto, yenye nguvu takriban mara 273 ya hewa ukaa.

Dhana: Kila bonde lenye maji lina mboji.

Malagarasi–Muyovozi, eneo la kwanza nchini kuingia, mwaka 2000, kwenye orodha ya Ramsar (mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu), lina hekta zaidi ya milioni 3, na sehemu kubwa hufurika masika tu. Mboji itafute panapolowa mwaka mzima. Mbuga za mpunga za Igunga na Nzega ni mfinyanzi mweusi. Ukibisha, kausha donge la kila upande uyatie motoni: la mboji litawaka, la mbuga litakuwa tofali.